Mlango wa Sentimita Themanini na Mbili

Euro elfu mbili na mia tisa.
Virve wa uhasibu aliziandika kwenye kikaratasi cha manjano,
akakibandika juu ya msumeno wangu
kama mtu anayebandika bei kwenye samaki.
"Mwalimu, zikibaki, zirudi."
Zikibaki!

Nje, theluji ya Februari imeumeza uwanja wa mpira.
Ndani, karakana inanuka gundi, soksi mbichi na msonobari.
Watoto kumi na wanne, patasi tisa,
tano zimemeguka makali.
Nasi tunatafuta mashine ya CNC,
kisu kinachotii kompyuta.

Ya kwanza: reli za chuma, meza ya kumlaza ng'ombe,
mota ambayo hata pichani inanguruma.
Bei yake unaisomea umekaa.
Nikaufunga ukurasa taratibu,
kama mlango wa chumba alimolala mtoto.

Ya pili, bei ya kutupa.
Muuzaji alinipigia mara tatu siku moja.
Kibaya chajitembeza, nikawaza, lakini nikamsikiliza.
"Na mkanda wake ukikatika, nampigia nani?"
Akakohoa.
Kikohozi kile kiliniokolea pesa ya shule.

Ya tatu niliifuata mwenyewe, na trela ya shemeji,
hadi karibu na mpaka wa Latvia,
kwenye kiwanda cha madirisha kilichofungwa.
Walikuwa wakiuza kila kitu, hata saa ya ukutani.
Kilo mia sita za chuma, kwa elfu mbili na nusu.
Nikaipapasa reli: baridi, nyoofu.
Sitaficha, niliipenda
kama mvulana anavyopenda, bila kuuliza ukoo.

Nikapeleka vipimo darasani, najigamba.
Heleri wa darasa la nane, mchache wa maneno,
akachukua futi akaenda mlangoni.
"Themanini na mbili."
Mashine ilikuwa mita moja na kumi na tano.
Akaitazama soketi.
"Na yake ni ya fezi tatu. Sisi tunayo moja."
Akarudi kukisugua kijiko chake kwa msasa.

Usiku ule nilihesabu kama mchuuzi:
vumbi linataka kifyonzaji,
kisu kitakatika, na mikononi mwa mtoto kitakatika mara mbili,
kisha kitufe chekundu cha kusimamisha,
kipana, kiganja chenye hofu kisikikose.
Kitufe hicho hakikuwamo kwenye bei yoyote.
Nikakikumbuka kidole cha Rauno, mwaka juzi.
Kipo. Hakina ukucha, ila kipo.

Basi tukanunua ndogo.
Ilikuja vipandevipande katika masanduku matatu,
parafujo mia mbili na kumi na sita,
na kitabu cha maelezo
kilichotafsiriwa na mtu mwenye haraka.
Mkuu wetu, Ülle, akachungulia:
"Ndiyo hii?"
kwa sauti ya mtu aliyeahidiwa farasi.

Wiki sita za kufunga na kufungua.
Kaspar aliunganisha nyaya kinyume,
tukaiambia kushoto, ikaenda kulia,
darasa zima likaanguka kicheko.
Siku hizi ikilia vibaya hawaniiti.
Wanatega sikio, wanasema,
"Parafujo ya tatu, upande wa dirishani,"
na kweli ndiyo hiyo.

Kazi ya kwanza, jina la shule kwenye ubao wa betula.
Herufi ya mwisho iliangukia nje ya meza.
Ubao mrefu, mashine fupi,
na mwalimu wa hesabu alikuwa chumba cha pili tu.
Heleri akaimaliza kwa patasi, moja ya zile nne nzima.
Imeinama kidogo, kama anayesikiliza.

Zilibaki euro nne na senti kumi.
Nikazirudisha.
Virve alizihesabu mara mbili.