Nyumba Iliyoanguka Kati ya Nukta Mbili

Nimeikata ardhi kwa wima, mkato mmoja,
kutoka milima ya Vrancea hadi chini ya Bukaresti,
kama mtu akataye mkate aone kama umeiva ndani.
Kisha nikauchora miraba, mita hamsini kwa hamsini.
Mwamba nikaupa namba kubwa.
Tope la mto Dâmbovița, namba ndogo,
maana tope hulichelewesha wimbi na kulinenepesha.

Hakuna nukta ijuayo kwamba kuna tetemeko.
Kila moja humgeukia jirani tu:
mwenzangu, umesogea kiasi gani?
Kulia toa kushoto. Juu toa chini.
Gawanya kwa hamsini.
Tofauti hiyo ndiyo nguvu, hakuna nyingine.
Majirani wakilingana, dunia imelala.

Kasi nimeiweka kwenye pembe za mraba,
mkazo nimeuweka katikati,
na saa zao zimepishana nusu hatua:
huyu akiandika, yule anasubiri.
Hawakutani kamwe, wala hawawezi kuachana,
kama baba na mama baada ya talaka
walivyopokezana mkoba wangu wa shule kwa bawabu.

Mara ya kwanza nilikuwa na haraka,
nikarefusha hatua ya wakati.
Kufikia hatua ya mia nne, milima ya Karpati
ilikuwa imeruka kuupita mwezi,
kisha skrini ikajaa maneno mawili, safu kwa safu:
si namba, si namba, si namba.
Haralamb wa meza ya pili, aliyebakiza miezi sita astaafu,
alicheka mpaka akakohoa.
"Wimbi likivuka mraba mzima
wewe ukiwa umefumba jicho, utalijuaje?
Pepesa upesi, Smaranda. Au punguza kiherehere."

Halafu kingo.
Ardhi haikomi pale kumbukumbu ya kompyuta inapokoma,
lakini wimbi halijui, hugonga ukuta ambao haupo
na kurudi limebeba uongo.
Nikatandika ukanda wa nukta thelathini
zinazolichosha kidogo kidogo, zinalinyonya, zinalilaza.
Nilitumia wiki mbili
kulitafutia wimbi mahali pa kufia.

Sasa linakwenda.
La kwanza ni la kusukuma, jepesi, labisha hodi.
La pili laja kwa ubavu, polepole,
na hilo haliombi ruhusa.

Mama yangu Profira anakaa ghorofa ya tano.
Langoni pana bamba lenye duara jekundu,
kubwa kama sahani ya chai:
jengo hili lisitegemewe.
Yeye amelitundikia shada la vitunguu saumu.
Kabatini ameisimamisha chupa tupu, mdomo chini,
iwe ya kwanza kuanguka, imwamshe.

Nilimpelekea picha, nyekundu na buluu, bado ina joto la printa.
Akavaa miwani. "Na mimi niko wapi humu?"
Nikaonyesha. Ukucha wangu ukafunika mtaa mzima.
Jengo lake lina upana wa mita kumi na nane.
Nukta moja kulia kwake, nyingine kushoto,
na katikati, alipo yeye na jiko lake na redio,
hesabu yangu haina la kusema.

Nikamweleza: nikipunguza mraba hadi mita kumi
utaonekana. Ila kazi huzidi mara mia moja na ishirini na tano.
Usiku mmoja huwa miezi minne.

"Usiku ule wa Machi, sabini na saba," akasema,
"taa zilipozimika nilipiga ukuta kwa kijiko.
Aspazia akapiga upande wake.
Tukashuka tukipigiana hivyo, ngazi kwa ngazi,
bila kuonana."
Akaikunja picha mara nne
akaiweka chini ya mguu wa meza uliopungua.

Jumatatu nimeandika barua kuomba mashine nne zaidi.
Mama naye ameandika yake, kwa kamati ya jengo,
mara ya tatu mwaka huu:
anaomba balbu ya ngazini.