Tarakimu Ishirini

Nilizinunua Luthuli, tatu, kwa bei ya kiti kimoja cha ofisi.
Bado zina kibandiko: MALI YA IDARA YA MADAI.
Nikazipandisha hadi orofa ya sita, Pipeline,
moja moja, begani, kama magunia ya viazi,
nikazilaza chini ya kitanda,
na tangu hapo kitanda changu hunguruma.

Programu ni ya bure. Waliiandika watu nisiowajua
wakaiacha wazi kama mtungi wa maji mlangoni:
anayepita anywe. Nami nikanywa.
Ndani ya vyuma vitatu nikazaa mashine kumi na saba,
mashine pepe, hazina uzito, hazina kivuli.
Nyanya yangu angelisikia jina hilo
angeliomba ubani.

Mwanzoni nilizilea kwa mkono.
Hii iamshe, hii imejaa, ipunguzie,
hii imegoma, iulize kwa nini.
Nikawa yaya.
Basi nikaketi Jumamosi mbili, chai ikipoa,
nikaandika amri, mstari baada ya mstari:
Ikifika saa nane usiku, nakili kila kitu.
Ikianguka moja, iinue.
Ikikataa kuinuka, iue, uzae nyingine mfano wake,
jina lile lile, anwani ile ile,
usiniamshe.

Nililipenda hilo neno la mwisho kuliko yote.

Stima ikipotea, betri kuukuu nyuma ya mlango
huzishika dakika kumi na moja,
nazo hujizima kwa mpango: ndogo kwanza,
ghala la kumbukumbu mwisho,
kama mama afungaye mlango watoto wakishalala.
Haya yote mimi nimelala, mdomo wazi.

Jana usiku, kilichoniamsha ni ukimya.
Chini ya kitanda hakuna pumzi.
Kwenye simu, ujumbe wenye adabu:
Zote zimezimwa salama. Sababu: hakuna umeme.
Nikachungulia dirishani. Majirani wote wana taa.
Ni mimi tu. Ni tokeni.

Kununua kulichukua sekunde nne.
Lakini mita iko chini kabisa, ndani ya kizimba cha chuma,
na mita haijui amri zangu,
inajua kidole.

Saa tisa na kitu. Syombua wa orofa ya kwanza
yuko macho, unga wa mandazi hadi viwikoni.
"Makokha, wewe na mitambo yako."
"Mitambo imelala. Nisomee, miwani iko juu."
Akaishika simu kwa vidole viwili, akasoma
nne nne, kama anavyowahesabia wateja:
"Tano, sufuri, nane, moja."
Pumzi.
"Moja tena, saba, tatu, tatu."
Nikakosea. Tukaanza upya.
Akasoma polepole zaidi, kana kwamba mimi ndiye mita.

Tarakimu ya ishirini. Kimya. Kisha mlio mmoja, mfupi.

Nilikuwa orofa ya nne, nikihema,
ujumbe ulipoingia. Ghala kwanza, ndogo baadaye,
kila moja kwa zamu yake, bila mimi.
Niliusoma kupitia unga
wa kidole gumba chake kwenye kioo:
Zote zimeamka.
Sababu: haijulikani.