Siku Kumi na Tisa

Odiel, chungu kile nilikupa kwa sababu ya ubaya wako,
si kwa upendo. Nakuambia leo, maana hunijibu.
Kingine nilimpa Padri Wannes, kingine muuza nyama,
kingine Hilde, anayetafuta miwani akiwa ameivaa.
Nilizihitaji nyumba za watu wasiomwagilia,
na wewe, kaka, ulikuwa mkono wa birika
hata birika lenyewe likifurika.

Hapa Lochristi tumezaliwa chini ya vioo.
Babu alilima azalea, baba alilima azalea,
kila Desemba malori yalizibeba zimevimba matumba,
kila Januari yalirudi malalamiko:
limenyauka juu ya kipasha joto,
matumba yamekuwa kahawia kama chai iliyolala.
Baba alisema, wanunuzi ni wajinga.
Nikasema, basi tuwazalishie ua la wajinga.
Hakucheka. Hata meza hakunipa.
Nilianzia kwenye kona ya bomba linalovuja.

Aprili, kabla nyuki hawajaamka,
unalifungua tumba kwa kucha
kama unayemvua soksi mtoto aliyelala,
unazing'oa stameni kwa koleo ndogo, nane, pengine kumi,
unaliachia ncha moja tu, inayonata, inayongoja.
Chavua niliitoa makaburini Zaffelare,
kwenye kichaka kisicho na jina
ambacho hakuna aliyekitilia maji
tangu alipozikwa mwenye kaburi.
Nikagusa. Nikafunga uzi. Nikaandika namba kwa penseli,
maana wino hukimbizwa na maji.

Mbegu zake ni ugoro. Ukipiga chafya umepoteza mwaka.

Miche elfu mbili mia tatu.
Mwaka wa kwanza nikatupa iliyopinda,
wa pili, yenye majani ya manjano,
wa tatu ikachanua, nikatupa mizuri.
Ndiyo, mizuri. Ulikuwapo mwekundu mmoja
ulionikalisha chini kwenye ndoo;
nikaunyima maji siku sita,
ukanimwagia maua yote mezani.
Niliubeba mwenyewe hadi kwenye lundo la mboji.
Kazi hiyo sikumtuma mtu.

Ikabaki minne.
Wako ulikuwa 88-207: waridi iliyofifia, ukingo mweupe
usionyooka, kama uliopakwa na mtu aliye kwenye simu.
Ulisema, "Limechakaa kabla ya kuzeeka. Tutaelewana."
Ukaliweka dirishani juu ya joto,
kati ya redio na meno yako.

La Padri lilikufa kwa wema, alilizamisha.
La muuza nyama, paka alililalia.
Hilde hakumbuki kama nilimpa.

Nawe ukaanguka tarehe tatu Januari.
Gent, hospitali, mipira puani, siku kumi na tisa.
Kila jioni nilikaa nawe
na sikulifikiria ua hata mara moja.
Nataka ulijue hilo.

Siku ya ishirini nilikwenda kwako kukuchukulia suti.
Kipasha joto kilikuwa kinawaka bado, kumpashia nani?
Nalo limechanua lote,
hata vile vitumba vya chini nilivyovikatia tamaa.
Nikachomeka kidole udongoni kabla sijavua koti.
Mkavu kama biskuti.
Nikahesabu, kaka, nikahesabu kwa sauti,
kumi na saba, kumi na nane,
nikaandika nyuma ya bili yako ya umeme,
nikapigia mstari mara mbili,
ndipo nikalia, na sijui nililia lipi kwanza.

(Suti haikukutosha. Tulikuzika na sweta.)

Sasa watu wa mnada wanataka jina.
Wamependekeza malkia. Wamependekeza binti wa mfalme.
Kwenye fomu mstari wa jina bado mtupu.
Chini yake umeandikwa: mahitaji ya maji.
Hapo niliandika "kidogo", nikafuta,
nikaandika siku zako zote, kwa penseli.