Maji ya Mara ya Tatu

Kitangari, maji hupanda mlima kwa pikipiki,
madumu mawili kushoto, mawili kulia,
na bei hupanda pamoja nayo.
Kwa hiyo kwetu tone halikumwagwa bure:
mara ya kwanza lilikosha mchele,
mara ya pili lilinawisha mikono,
mara ya tatu mama alilibeba
kwenye sufuria iliyong'oka mpini
hadi nyuma ya jiko.

Huko kulikuwa na beseni lililopasuka,
tairi la lori, viroba sita vya mchele,
ndoo ya rangi iliyoandikwa NYEUPE
na ndani yake matembele, kijani kibichi.
Kiroba cha salfa aliniamuru nikakitupe mbali.
"Hicho kimehudumia mikorosho," alisema,
"kisinihudumie wanangu."

Baba alipita, mikono mgongoni.
"Somoe, hii bustani au jalala?"
Yeye alikuwa mtu wa mikorosho, mia moja na kumi na minne,
aliijua mmoja mmoja kama mashemeji.
Mboga kwake ilikuwa kitu cha pembeni ya ugali.
Mama hakujibu. Alifukia punje ya mbaazi kwa kidole gumba
kama anayeweka nukta.

Kisha ukaja ule mwaka.
Korosho zilipimwa, zikapanda lori, zikaenda ghalani,
tukabaki na stakabadhi iliyokunjwa mara nne
na simu ya baba, iliyolia kwa kila jambo
isipokuwa benki.
Desemba ikaisha. Mvua ikanyeshea deni la sare za shule.
Jirani yetu Binti Nankoma aliuza mabati ya jikoni,
akawa anapika na mwavuli.

Mwezi wa pili, watu wakila kwa macho,
akaja Chinduli na kopo lake la kangomba.
Kitako kimegongwa kikatokeza nje;
halijai hata ulimiminie msimu mzima.
Na hakuja kununua korosho. Alikuja kununua ua
ambalo mti bado haujalifikiria,
ya Oktoba kwa njaa ya Februari.

Akakalia kinu kilicholazwa,
akatoa noti, akazinyoosha juu ya goti.
Baba alizitazama. Nami nilimwona akizitazama.
Shati lake lilikuwa limempwaya shingoni.

Mama akatoka na sinia:
ugali wa makopa, mbaazi zilizolala na majivu ndani ya dumu
tangu mavuno, majani ya kunde,
kipande cha boga kinachofuka.
"Kula kwanza, mgeni."
Chinduli akala. Akala vizuri, hata akalegeza mkanda.
Kisha akatazama nyuma ya jiko, kitambo,
akazikunja noti zake,
akasema atapita tena mwezi ujao.
"Pita," mama akasema. "Boga jingine litakuwa limekomaa."

Sitaki kusema tulishiba.
Ziko siku tulikula majani na chumvi,
na mdogo wangu Ajaba akalilia mkate mpaka akalala.
Binti Nankoma alikuja na bakuli,
tukagawana pungufu kwa pungufu.
Ila maua ya mwaka ule yalichanua
yakiwa bado yetu.

Fedha ziliingia mwezi wa tano, simu ikiwa imezima chaji.
Tulijua kesho yake jioni.
Usiku ule nikasikia maji yanachuruzika nje,
nikadhani dumu linavuja, nikatoka na bakuli kulikinga.
Alikuwa baba, amechuchumaa mbele ya beseni
na ile sufuria iliyong'oka mpini,
akinywesha kidogo kidogo,
kama mtu anayeomba radhi
kwa lugha asiyoijua vizuri.
Nikarudi ndani kwa ncha za vidole.

Asubuhi mama aliinua dumu la maji ya chai, akalitikisa.
"Nani kamwaga maji ya mara ya kwanza?"
Baba alikuwa uvunguni,
anatafuta kiatu.