Shubiri Tatu

Chengo ameshika ncha ya futi kamba kwenye kona ya Ndia Kuu,
mimi narudi kinyumenyume, kisogo kikikwepa nyaya za stima,
hadi chuma kinagonga jiwe.
Mita kumi na mbili na nusu. Andika.

Kazi yetu ni hii: kuziandika nyumba
kabla hazijawa maegesho ya magari.
Asubuhi tumeandika roshani iliyochongwa meno ya msumeno,
mlango wa msaji, nakshi yake mnyororo,
kufuli lake la juzi, la dukani,
na daka lililopokea wageni wa vilemba
ambalo sasa limepokea friji ya soda.
Nyufa zina daftari lake.

Ndani, baridi ya matumbawe ikatushika shingoni,
baridi ya mtungi, si ya mashine.
Nikahesabu boriti: thelathini na moja.
Moja imeoza. Moja si boriti,
ni bomba la maji lililopakwa rangi
lifanane na nduguze.
Nikapima vidaka: kimoja kina Msahafu,
kimoja chaja ya simu, kimoja dawa za presha,
na cha juu kabisa hakifikiwi na mtu,
kina vumbi lake, limekaa kama mwenye nyumba.

Kisha urefu.
Nikajumlisha, nikaongeza unene wa kuta,
na bado sentimita sabini hazipo.
Nikapima tena. Akapima Chengo.
Nikamlaumu Chengo.
Jiwe haliendi safari; basi limekwenda wapi?

Bi Mwanaesha anachambua mchele, uso hakuinua.
"Shubiri tatu," akasema. "Msihangaike.
Hapo palikuwa na mlango."

Nyumba hii na ya pili zilikuwa za baba mmoja,
mabinti wawili, mlango katikati,
sahani za mkate wa sinia zikipita bila kugusa njia.
Baba alipokufa aliacha saa ya ukutani. Moja.
Nyumba zagawika, shamba lagawika,
saa utaigawa vipi?
Mkubwa akaichukua.
Mdogo, nyanyake Bi Mwanaesha, akamwita mwashi:
Ziba. Ukimaliza, ziba tena.
Ukuta juu ya ukuta, chokaa juu ya chokaa,
nisiisikie.

Akaisikia.
Sikio la mwenye kinyongo halina pazia.
Miaka ishirini na saba alipika kwa saa ya dadake,
akameza dawa kwa saa ya dadake,
akatukemea watoto tulale
kwa saa ambayo kwa kinywa chake
haikuwapo duniani.

"Hata Ijumaa moja, baada ya Alasiri, ikanyamaza.
Nyanya akaweka mwiko chini.
'Nendeni mkamtizame,' akasema.
'Hakuna wa kuitia ufunguo.'
Tukazunguka na uchochoro, mbio, viatu mkononi.
Mlango ungekuwapo, ni hatua mbili."

Akapepeta mchele. Punje moja ikaruka
ikagonga ukuta, ikaanguka upande wetu.

Nikaweka kiganja kwenye chokaa.
Sikusikia kitu; pikipiki tu, huko nje,
na muuza maji akigombana na chenji.

Katika fani yetu, kilichopo huchorwa kwa mstari mzima,
kisichoonekana huchorwa kwa nukta.
Nikachora kizingiti: nukta.
Miimo miwili: nukta.
Nikaandika *mlango, umezibwa*, nikaacha tarehe wazi
kwa kuwa Bi Mwanaesha aijua kwa mvua tu,
ile iliyoangusha minazi ya Mzizima.

"Na saa?" akauliza Chengo.
Nikamwambia samani haziingii kwenye ramani.
Akanyamaza, akakunja futi kamba polepole.

Usiku, nyumbani, nikikunjua karatasi mezani,
nakuta upande wa pili wa zile nukta
kaduara ka penseli, kadogo,
si mkono wangu,
hakana mishale.
Kifutio kiko pale.
Nimekitazama.