Pasi ya Daraja la Kwanza

Alipanga kwetu, ghorofani, juu ya karakana ya baba,
pale saa mia zilipobishana usiku kucha
kwamba sasa ni saa ngapi.
Jina lake Leberecht Zschocke.
Mtaa mzima wa Santa María ulijaribu kulitamka, ndimi zikateguka,
mpaka mwuza tamale akakata shauri: Don Leo. Yakaisha.
Kwao, alinieleza, jina hilo lina amri ndani yake: ishi sawasawa.
"Baba alichimba makaa Zwickau," alisema.
"Alinipa jina badala ya urithi."

Viazi vilimshinda.
Mexico iko juu mno, maji huchemka kabla hayajawa moto wa kutosha;
sufuria inatokota, inapiga kelele, kiazi ndani kigumu kama jiwe.
Alikidunga uma, akacheka peke yake:
"Kama mikutano yetu ya Paris."

Eti alikuwa mbunge. Nilidhani ni uongo
wa mpangaji anayechelewesha kodi.
Basi akanionyesha kadi yenye jalada la ngozi,
picha ya kijana wa shingo nene na tai ya kuazima:
pasi ya treni, daraja la kwanza, nchi nzima, bure.
"Nilipanda la tatu. Wapiga kura wangu walikuwa huko,
na vikapu vyao, na bata wao.
La kwanza nilikaa mara moja tu,
usiku wa Februari, mwaka thelathini na tatu.
Polisi hawakutarajia mkomunisti
kwenye kiti cha mahameli."
Akashuka kituo kimoja kabla ya mpaka,
akavuka theluji kwa viatu vya bungeni.

Praha. Paris. Kambi ya kusini, mchanga na viroboto.
Marseille, foleni ya kupata muhuri
usiotolewa ila kwa mwenye muhuri mwingine.
Pasi ndani ya soksi, njia nzima,
haimfikishi popote.

Jumapili alikuja Walpurga Hennig, mwalimu, mwembamba, mvutaji.
Walicheza sataranji kwa vifungo vya koti
na gurudumu bovu la saa lililokuwa mfalme.
Huyo ndiye aliyeuliza kwa sauti:
wenzetu walioitwa Moscow, mbona hawaandiki?

Kamati ikakaa Alhamisi, chumbani kwake.
Nilipeleka kahawa, vikombe tisa.
Sikujua Kijerumani, lakini mikono naijua kuhesabu.
Ilipanda mmoja mmoja.
Wake ulikuwa wa mwisho.
Ulipanda.

Walpurga akavaa koti lake. Kahawa aliiacha nusu.
Kikombe hicho Don Leo alikiosha mwenyewe,
polepole, maji yakapoa, bado anaosha.
Jumapili alipanga vifungo, akacheza pande zote mbili.
Akashindwa.

Mwaka arobaini na sita aliitwa: rudi, tujenge.
Meli ya Vladivostok, azunguke nusu ya dunia
ili aingie kwao kwa mlango wa nyuma.
Nyumba ilikuwa imekwisha kuanguka, na mkewe Irmgard ndani yake;
hilo alilisema akifunga kamba ya sanduku, bila kugeuka.
Pasi akaniachia mimi.
"Huko hakutakuwa na daraja la kwanza tena," alisema.
Akafikiri kidogo.
"Au nitalikuta lipo. Hilo ndilo ninaloliogopa."

Miaka mitatu, kimya. Kisha kadi moja ya posta:
*Viazi hapa vinaiva.*
Chini yake mistari miwili, imepakwa wino mweusi wa mtu mwingine.
Baba alibandika jichoni kile kioo chake cha ufundi,
akaigeuza kadi huku na huku chini ya taa,
akaokoa herufi moja tu: W.

Nilimpelekea Walpurga.
Aliisoma amesimama, kisha akakaa, kisha akasimama tena.
"Vinaiva," alisema. "Mjinga yule."
Akavaa koti lake, ingawa tulikuwa kwake
na jua lilikuwa kali.
Kadi alibaki nayo.
Pasi ninayo mimi.
Jana nilimwonyesha kondakta wa tramu.
Akaitazama picha, akanitazama,
akadai nauli.