Daftari la Ijumaa

Ijumaa, Ruwi. Chumba cha nyuma cha kanisa,
kiyoyozi kinakohoa,
mimi karani, daftari magotini.
Mzee Kilonzi anauliza, "Uliokoka lini?"

Mwandoe hajui tarehe.
Mwaka juzi alilia hapa hapa, akagaragara;
tukapiga makofi, nikamwandika kwa wino.
Hata mwezi haujaandama,
mchango wa kusafirisha maiti ya Wakesho
ukayeyukia mkononi mwake.

Leo macho makavu. Anatazama viatu.
"Lini, sijui. Najua tu
siwezi tena kulala na cha mtu chini ya godoro."

Wazee wanatazamana.
Ushuhuda gani huu, hauna hata moto.

Basi nikasema nililoliona Jumatano
kambini kwao, Ghala, maji ya bomba yakiunguza:
Mwandoe akimhesabia Rafiqul, asiyesali kwetu,
riyali arobaini
ambazo mwenyewe hakujua zimepotea.
Rafiqul akanigeukia: "Huyu kapatwa na nini?"

Juu yangu
hakuna aliyewahi kuuliza hivyo.

Huku ugenini kanisa ndilo ukoo.
Viza ikiisha, ukilazwa, ukifa,
ni nani atashika pasipoti yako asiiuze?
Majina tunayo mia mbili na kitu.
Wa kumwachia ufunguo nikawahesabu,
vidole vikabaki.

Kilonzi akanyamaza, kisha akasema, "Mwandike."
Nikamwandika kwa wino, mkono ukitetemeka.
Walipotoka nilirudi ukurasa wa kwanza,
penye jina langu,
nikakaa nalo
mpaka bawabu akaja kuzima taa.